Sababu ya Tangi la Saba

Tarehe 2, mwezi wa tatu. Mawingu, mvua bado.

Mimi nina miaka sabini na tisa. Nimewazika wakuu wa kiwanda wanne, mke mmoja, madaktari wawili walioniambia bia itaniua, na kiwanda chenyewe, ambacho nilikishuhudia kikikata roho: waliyakata matangi kwa moto wakayabeba vipande vipande kama nyama. Meno nimebakiwa nayo sita. Ulimi ni ule ule.

Shule niliishia darasa la tatu. Kuandika nilijifunzia kazini. Miaka thelathini na nane niliandika daftari la joto la chumba cha baridi: tarehe, saa, namba ya tangi, digrii. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba sijui kuandika.

Daftari hili limeanza kwa ajili ya Kaunta, mwenye baa ya hapo kona. Jana aliniwekea glasi akasema, "Mzee Saba, onja hii, imepikwa hapa hapa mjini." Nikaonja, nikaisukuma pembeni. Akasema, "Mzee, kila bia unaitukana. Viwanda vidogo vimeota kama uyoga, hata kimoja hakikufai?" Nikamjibu mbele ya wateja wake: mvua za mwaka huu hazitakatika kabla sijapata pilsna moja ya kweli ya mji huu, na nisipoipata nitakunywa soda mpaka nife. Wakapiga makofi. Mwanangu muuguzi, ninayekaa kwake, aliposikia akasema afadhali soda. Yeye kanipimia glasi moja kwa siku kama dawa ya kifua.

Tarehe 4. Mvua ya kwanza.

Asiyejua nimweleze. Laga ni bia ya baridi. Chachu yake inafanya kazi taratibu penye ubaridi, kisha bia inalazwa karibu na kuganda, siku nyingi, mpaka itulie. Pilsna ni binti mweupe wa ukoo huo, mwenye uchungu wa maua ya hopsi. Ni nyepesi, haina pa kufichia kosa. Bia nyeusi unaweza kuiharibu usijulikane. Pilsna itakusema mbele za watu.

Nimekwenda kiwanda cha kwanza. Jamaa ana ndevu nyingi na matangi yanayong'aa. Nikatia pua kwenye glasi: siagi tupu, harufu ya bia iliyoharakishwa. Nikamwuliza, "Bwana, hii ni bia au ni mkate uliopakwa siagi?" Akasema ndivyo watu wanavyopenda siku hizi. "Inalala siku ngapi?" "Kumi na mbili." Nikamwambia hata kuku anaatamia ishirini na moja, na kuku hana digrii ya chuo. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia ndiye mimi wa Tangi la Saba. Halijui. Dunia imekwisha.

Tarehe 5. Mvua.

Tarehe 6. Mvua. Goti.

Tarehe 9. Mvua asubuhi, jua mchana.

Kiwanda cha pili. Wamepanga chupa za kijani dirishani zipigwe na jua, wapita njia wazione. Bia iliyoota jua inanuka kama kicheche. Nikawaambia. Wakaniambia mzee, nenda kapumzike.

Tarehe 12. Mvua.

Kiwanda cha tatu. Hawa wajanja, bia wameigandisha mpaka ulimi ukafa ganzi. Nikaishika glasi viganjani, nikangoja. Ilipopata joto, kilichojificha kikatoka. Siagi tena.

Tarehe 14. Manyunyu.

Leo baa walitaka kisa cha Tangi la Saba, nikawapa. Mwaka ule mkuu wa kiwanda aliamuru laga ilale siku kumi na nne badala ya arobaini, kwa sababu watu walikuwa na kiu na malori yalikuwa yanangoja. Bia yote ikanuka siagi. Malori yakarudi yamejaa. Tangi moja tu, la saba, lilitoka safi kama maji ya mwamba. Na chumba cha baridi alikuwa nani? Mimi. Nikapewa saa ya ukutani mbele ya wafanyakazi wote, na jina la Saba nikabaki nalo. Saa ipo sebuleni mpaka leo, inakwenda mbele dakika kumi, lakini inakwenda.

Kaunta akauliza nililifanyaje lile tangi. Nikasema siri ya kazi. Akauliza tena, "Si ulikuwa na mdogo wako pale, yule waliyemwita Pua?" Nikasema aliacha kazi.

Tarehe 19. Mvua kubwa, bati linapiga kelele.

Kaunta alikuwa ananisubiri na chupa ya kahawia isiyo na karatasi. Nikamimina. Povu likasimama wima. Rangi ya nyasi kavu. Nikanusa: kimea, maua, basi. Nikaishika viganjani dakika kumi nione inaficha nini. Haikuficha kitu. Nikanywa. Watu wananitazama kama hakimu.

"Vipi, Mzee Saba?"

Nikainusa tena. Bia ile iliachwa ipate joto siku mbili kabla ya kulazwa. Mkono huo naujua hata nikifumbwa macho. Maishani mwangu nilimwona mtu mmoja tu akifanya hivyo, na mtu huyo sijasema naye miaka ishirini na sita.

"Nani anapika hii?"

"Mama mmoja, nyuma ya gereji ya malori. Ana baba yake mgonjwa."

Nikamwambia Kaunta si mbaya. Nusu glasi niliiacha mezani. Sijawahi.

Tarehe 20. Mvua. Sikutoka.

Tarehe 21. Mvua. Sikutoka.

Tarehe 22. Haikunyesha. Sikutoka.

Tarehe 24. Mvua imetulia saa nne.

Nimekwenda. Chumba kimoja kirefu, zamani kilikuwa stoo ya matairi, na harufu ya mpira haijatoka ukutani. Matangi matatu, mipira ya maji sakafuni, mama mwenye viatu vya mvua anasugua ndoo. Akaniangalia, akaacha kusugua.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Hajaniona tangu ana miaka tisa. Nikamwuliza kanijuaje. "Masikio," akasema. "Mna masikio yale yale. Baba alisema utakuja tu. Alisema bia ikiwa mbaya utakuja kutukana, ikiwa nzuri utakuja kuiba."

Akavuta pazia. Nyuma yake kuna kitanda, na kitandani yumo mdogo wangu, mifupa na pua. Kifua chake kinalia kama valvu mbovu.

"Kaka."

"Mdogo wangu."

"Umezeeka."

"Na wewe je, umechipua?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, binti akaja kumwinua. Alipopata pumzi akauliza, "Umeionja?"

"Nimeionja."

"Ukaipasha viganjani?"

"Nikaipasha."

"Ikaficha nini?"

"Haikuficha kitu."

"Ndiyo," akasema. "Baridi inaficha tu, kaka. Haiponyi." Akafumba macho. Nikamwambia mwaka huu mvua ni nyingi. Akakubali kwamba ni nyingi.

Nilipoinuka kuondoka akasema, "Keshokutwa tunapika tangi jipya. Mimi mikono inatetemeka, na huyu mama ana kazi kumi. Nahitaji mwandishi wa daftari la joto. Kazi hiyo si unaijua?"

Binti yake alitazama chini.

"Naijua," nikasema.

Tarehe 26. Mvua.

Tumepika. Kimea kizuri, sijui wanakitoa wapi. Nimewaonyesha namna ya kukoroga. Binti akasema, "Asante, baba mkubwa," kisha akakoroga alivyotaka mwenyewe.

Tarehe 27. Mvua. Tangi: digrii kumi.

Tarehe 28. Mvua. Digrii kumi.

Tarehe 30. Digrii kumi na moja. Mwanangu muuguzi ananiuliza kila asubuhi nakwenda wapi. Nimemwambia nimeajiriwa. Amecheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza nimeajiriwa na nani, nikamwambia, akaacha kucheka. Akasema, "Baba mdogo yuko mji huu? Mbona uliniambia alihama?" Nikamwambia nilidhani alihama.

Tarehe 5, mwezi wa nne. Mvua kutwa.

Leo nitaandika sana, goti liume lisiume.

Nilifika saa mbili. Pua amekalishwa kwenye kiti karibu na tangi, blanketi mabegani. Akamwambia binti yake azime ubaridi. Tukangoja. Kipimajoto kikapanda taratibu: kumi na mbili, kumi na nne, mpaka mchana kikafika kumi na sita.

"Andika," akasema.

Nikaandika: Saa saba mchana. Digrii kumi na sita.

"Andika aliyeamuru."

Nikaandika: Mdogo wangu.

"Kuna mstari mwingine hapo pembeni. Nimemwambia huyu mama auchore. Umeandikwaje?"

Nikasoma: Sababu.

"Basi jaza."

Kalamu ikanisimama mkononi. Nikamwuliza sababu gani. Akanitazama kwa macho yale aliyonitazama nayo alipokuwa mtoto na mimi nimemlia asali yake.

"Kaka, unaijua. Nilikwambia."

Nikaandika: Chachu bado ina njaa. Iachwe na joto siku mbili imalize siagi yote, ndipo ilazwe.

Akasema, "Umeandika vizuri. Mwandiko wako haujabadilika." Akaomba arudishwe kitandani.

Sasa niandike lile jingine. Nimelisimulia Tangi la Saba mara elfu na sijawahi kulisimulia lote.

Mwaka ule wa siagi, mdogo wangu alinifuata chumba cha baridi. Tulikuwa wawili tu. Akasema, "Kaka, wanatufukuzia chachu mezani kabla haijamaliza sahani yake. Niachie tangi moja tu, nilipe joto siku mbili." Nikamwambia ni marufuku. Akasema, "Nitabeba mwenyewe lawama, nimekwambia ili ujue sababu." Akaenda akafunga valvu ya ubaridi wa tangi la saba.

Mimi nilikuwa mwandishi wa joto. Nikaandika kilichopo: Tangi la 7, digrii kumi na sita, kafunga mdogo wangu. Mkuu akalisoma daftari akatuita wote. Pua akasema alikuwa na sababu, na kaka yake anaijua. Mkuu akanigeukia. "Alikuambia kwa nini?"

Wakati ule palikuwa na nafasi moja ya unyapara, na pua iliyokuwa inasifiwa kiwandani haikuwa yangu. Nikasema, "Hakuniambia."

Akafukuzwa siku hiyo hiyo, na nyumba ya kiwanda akanyang'anywa. Tangi halikumwagwa, kwa kuwa bia haimwagwi, ililazwa na nyingine. Siku kumi na nne baadaye wakaionja. Mkuu hakutaka kulitaja jina la aliyemfukuza, akauliza nani alikuwa zamu. Wakasema mimi. Nikapewa saa.

Nimeandika. Lakini daftari hili halina masikio. Maneno haya yanapaswa kutoka mdomoni, mbele yake, mbele ya mwanangu na binti yake na Kaunta na wote walioniita Saba. Nimeamua. Tangi likilazwa keshokutwa litalala siku arobaini. Siku tutakapolifungua, glasi zikiwa mkononi, nitasema. Jambo kama hili linataka siku yake. Laga haiharakishwi.

Tarehe 7. Mvua. Tumeilaza. Digrii moja.

Tarehe 8. Digrii moja.

Tarehe 9. Digrii moja.

Tarehe 13. Digrii moja. Pua kala uji nusu bakuli. Tumebishana juu ya hopsi. Kanishinda, lakini alikuwa amelala na mimi nimesimama, nilikuwa nimechoka.

Tarehe 20. Mvua na upepo.

Nimeitoa saa ukutani, nikaifunga kwenye shuka, nikaibeba. Mwanangu akauliza naipeleka wapi. Nikasema kwa fundi. Ukutani limebaki duara jeupe.

Nikaiweka kitandani, Pua akaifunua. Akaitazama muda mrefu, jina la kiwanda, tarehe, jina langu.

"Kaka, umeleta saa au umeleta maneno?"

Nikasema, "Saa."

"Basi itundike."

Nikaitundika juu ya tangi. Akasema inakwenda mbele. Nikasema dakika kumi tu. Akasema, "Afadhali kuna kitu chako kinachowahi."

Tarehe 25. Digrii moja. Binti hasemi nami zaidi ya salamu. Anasalimia vizuri sana. Natamani angetukana.

Tarehe 1, mwezi wa tano. Mvua.

Mwanangu muuguzi sasa anakwenda kila jioni kumhudumia baba yake mdogo. Leo alirudi akakaa mbele yangu bila kuvua koti lililolowa.

"Baba, mimi kazi yangu naijua. Kifua kile hakina siku nyingi. Kama una neno naye, liseme kesho."

"Bado siku kumi na sita."

"Za nini?"

"Za tangi."

Akaniangalia kama mgonjwa aliyekataa dawa. "Baba mdogo si tangi."

Nikamwambia asinifundishe. Ameingia chumbani kwake. Namsikia analia na sitaki kumsikia.

Tarehe 2. Nilikwenda nikiwa nimejikaza. Palikuwa na majirani. Digrii moja.

Tarehe 4. Palikuwa na mganga wa hospitali. Digrii moja.

Tarehe 7. Manyunyu.

Hapakuwa na mtu. Pua alikuwa macho. Nikakaa. Mkono wake ulikuwa juu ya blanketi, nikauweka wangu karibu. Nikafungua mdomo. Nikawaza, siku kumi tu, mbele ya watu wote, itakuwa na heshima zaidi, atasimama na glasi yake.

Nikasema, "Digrii moja."

Akasema, "Vizuri."

Tarehe 8. Amefariki alfajiri. Tangi: digrii moja.

Tarehe 9.

Tarehe 10. Tumemzika. Mvua ilikuwa nyepesi. Nilitupa udongo wangu wa kwanza kama kaka. Watu wakanipa pole. Kila pole ilinichoma kisu, maana walikuwa wananipa mimi.

Tarehe 11. Digrii moja. Nimeandika kwa kuwa hakuna aliyeniambia niache.

Tarehe 13. Digrii moja. Nimemwambia binti kwamba kama hataki nije, asiseme kitu, achukue kalamu tu. Hakuichukua.

Tarehe 17. Kumekucha na jua. Mvua imekatika.

Siku ya arobaini. Tulikuwa wanne: binti wa ndugu yangu, mwanangu, Kaunta na mimi. Glasi tano. Binti akafungua bomba. Ilitoka ya dhahabu nyepesi, povu likapanda likasimama. Kaunta akanywa, akafunga macho, akasema, "Mzee Saba, umeshinda. Hii ndiyo."

Nikamwambia, "Usiniite jina hilo."

Nikasema yote. Sikusema vizuri. Nilikuwa nimeyapanga maneno siku arobaini na yakatoka hovyo, ya mwisho kwanza, saa kabla ya tangi, mkuu kabla ya ndugu. Nikasema aliniambia sababu na mimi nikasema hakuniambia. Nikasema lile tangi sikuligusa. Niliandika tu. Nikaonyesha saa ukutani kama mtu anayemwonyesha polisi mwizi.

Kaunta akaweka glasi chini. Mwanangu akaja akanishika mkono.

Binti wa ndugu yangu alikuwa amesimama kando ya tangi. Akasema, "Tulihama kwa mkokoteni. Mimi nilibeba kuku. Baba alitembea mbele, na kila aliyemwuliza alimwambia amepata kazi bora mahali pengine. Hakukutaja, baba mkubwa. Hata nyumbani. Mama ndiye aliyetuambia." Akafuta mikono kwenye aproni. "Wiki zote zile alikuwa anataka kulisikia neno hilo. Kila ukiondoka ananiuliza, 'Kasema?' Nasema bado. Anasema, 'Kesho.'"

Nikamwambia nilikuwa nangoja tangi.

"Ndiyo," akasema. "Hata yeye alisema unangoja tangi."

Hakuna aliyeigusa glasi ya tano. Mwishowe nikaichukua mimi, nikaishika viganjani ipate joto. Nilikaa nayo mpaka povu likalala. Kisha nikaonja. Ni bia bora niliyopata kunywa, na ulimi wangu hausemi uongo, hata kama mimi nasema. Haifichi kitu. Iliyobaki nikaimimina nje, kwenye udongo uliokuwa bado na unyevu.

Binti akaniletea daftari la joto. Akasema tangi likifunguliwa lazima liandikwe. Nikaandika tarehe, saa, digrii. Pale kwenye sababu sikujua niandike nini. Akachukua kalamu, akaandika mwenyewe, akalifunga. Sikuuliza.

Hii ndiyo pilsna ya kweli ya mji huu. Anayebisha amuulize Kaunta, yupo baa ya kona, ambaye leo ameniaga kwa kuniita mzee tu. Anayebisha kwamba nilisema, amuulize mwanangu muuguzi, aliyenishika mkono, au binti wa ndugu yangu, ambaye hakunishika. Lakini kwamba mdogo wangu alinieleza kabla hajaigusa valvu, hilo tulikuwa wawili chumba cha baridi, na mmoja nimemzika. Shahidi aliyebaki ni mimi. Niliulizwa mara moja nikajibu vibaya. Leo sijaulizwa na mtu, naandika kwa mkono wangu: aliniambia.